Fundi wa Visu na Mfupa Niliounyamazia

Ukienda kwa fundi wa visu kuagiza kisu cha kukunja, alikuwa anakusalimu kwa mkono halafu hauachilii. Unasimama hapo mlangoni pa kibanda kama mtu aliyeshikwa na askari, naye anakufinya kiganja polepole, anapitisha kidole gumba kwenye mashina ya vidole vyako, huku anakuuliza habari za mvua. Wengi walidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Alikuwa anapima. Ukifanikiwa kuutoa mkono wako, yeye tayari ameamua mpini wako utakuwa wa nini, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia, kwa sababu mteja naye alikuwa amekuja na lake kichwani.

Naandika haya kwenye daftari kwa sababu kuyasema siwezi. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, lakini linakaa hapa kooni mpaka mtu mwingine alitoe. Fundi alikuwa jirani yetu Mwingi, kibanda chake kilishikana na ukuta wetu wa jikoni, na mimi nilimwita umau, yaani babu, ingawa si wa ukoo wetu. Jina lake halitakuwa humu. Nikiliandika nitaona kama ananisomea begani.

Mpini ndio uliokuwa dini yake. Ubapa aliukata kwenye msumeno wa zamani au springi ya lori na hakuusemea sana. Lakini mpini! Mtu mwenye kiganja cha jasho alimpa kiini cha mkwaju, kile cheusi cha ndani kabisa, na hakukilainisha sana ili kishike. Mwenye mikono mikavu na baridi alimpa pembe ya ng'ombe, ambayo aliichemsha mpaka ikalegea, akaibana kwenye jiriwa ikanyooka kama ubao. Mwenye kukata nyama kila siku alimpa mfupa, kwa sababu mti hunywa damu na mfupa hautaki.

Kuna kijana wa bodaboda alikuja kutaka plastiki nyekundu.

"Niwekee hiyo, mzee. Nataka ing'ae watu waione."

"Mkono wako unatoa maji kama mtungi wenye ufa," fundi akamwambia. "Hiyo itakuteleza ujikate paja."

"Si kisu ni changu?"

"Kisu ni chako. Aibu ni yangu."

"Wueh! Mzee, wewe ni mbaya kuliko mama mkwe."

Akawekewa mkwaju. Wiki mbili baadaye akarudi na mwenzake, akamsukuma mbele, akasema, "Mpe mkono huyu mzee na unyamaze."

Kumaliza mpini kulimchukua muda mrefu kuliko kuuchonga. Msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu ule wa maji. Halafu jivu kwenye kitambaa cha sweta kuukuu. Halafu nta ya nyuki na mafuta ya mbarika, ameyapasha moto kwenye kifuniko cha mkebe, anayasugua kwa kiganja mpaka kiganja chenyewe kinachoma. Vanishi hakuitaka hata kuisikia. "Vanishi ni kumsalimu mtu umevaa glavu," alisema. Na alisema pia kwamba fundi hamalizi mpini, anaufikisha mlangoni tu, anayeumaliza ni mwenyewe kwa miaka ya kuushika.

Hilo la miaka sikulielewa mpaka siku alipokuja mama mmoja aliyefiwa na mume. Alileta mpini wa jembe la marehemu, umekuwa mwembamba pale katikati kwa kushikwa. Akaomba utolewe mpini wa kisu humo, ampe mtoto wao. Fundi aliukata pale pale penye wembamba, akaunganisha na ubapa, akampa. Mama akauliza, "Na msasa? Hukuuweka msasa?" Fundi akasema, "Msasa utamtoa." Yule mama alikaa chini kwenye mchanga, na fundi akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwako, akakaa humo mpaka mama alipomaliza kulia.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa mzee wa kanisa na alimtukana fundi wa baiskeli jirani kila asubuhi. Vile visu vya dukani vya bei rahisi, vinavyokuja kwenye maboksi, aliviita takataka mbele ya kila mtu. Kumbe chini ya benchi alikuwa na kimoja amekinunua. Nilimwona akikifungua na kukifunga, tak, tak, akitingisha kichwa. "Hawa watu wabaya," akaniambia aliponiona. "Lakini hiyo springi... nesa." Nzuri. Mwenyewe hakuwa na kisu. Mkate aliukata kwa mikono, pakiti za maziwa alizirarua kwa meno. Nilipomwangalia sana siku moja alisema, "Nikiwa na changu, nitaacha kuwaza vyenu." Binti yake wa pekee, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chakula Mtito Andei, alimpigia simu kila Jumapili, na Jumapili nyingi aliiacha ilie mpaka ichoke. Sijui sababu. Sikuuliza, bila shaka.

Mimi nilikuwa nakaa pale kwenye kizingiti cha kibanda chake kila likizo. Nilikaa kwa sababu alikuwa mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kuniuliza, "Na wewe mbona huongei?" Nyumbani waliniuliza. Shuleni waliniuliza, tena kwa kucheka. Yeye alinisogezea gunia la kukalia akaendelea na kazi. Tungeweza kukaa asubuhi nzima bila neno na ikawa tumekaa vizuri. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kama ile, na ndiyo niliyoiharibu.

Wateja walikuwa wanaisha. Hilo lilionekana hata kwangu. Wakamba wenzetu walikuwa wameenda kwa visu vya maboksi. Waliobaki ni wafanyabiashara wa mifugo, Waislamu wanaoshuka na ng'ombe na mbuzi kutoka kaskazini, na kiongozi wao kwa mambo ya visu alikuwa mmoja tuliyemwita Haji. Kisu cha dukani kilimtia kichefuchefu. Alikuwa akileta shemeji, wajukuu, madalali wake, wote wapewe mkono, wote watengenezewe. Fundi alimwambia mama yangu siku moja kupitia ukuta wa jikoni, bila kuficha, "Hawa wakiniacha, nafunga hiki kibanda nikae ningoje siku yangu."

Haji alitaka mfupa, siku zote mfupa, na alitaka wa ng'ombe aliyechinjwa. "Usinipe kibudu, mzee wangu," alirudia kila mara, akimaanisha mnyama aliyejifia. Kwao mfupa wa mzoga ni najisi. Fundi alilijua hilo vizuri na alilitunza. Mifupa ya buchari aliiweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Mifupa ya ng'ombe waliokufa kwa ukame, aliyookota kando ya barabara ikiwa imeshakauka kwa jua, aliiweka kwenye gunia, ya wateja wengine wasiojali. Na kabla ya kuchonga mpini wa Haji, aliugusa mfupa kwa ncha ya ulimi. Wa mzoga, ukikauka sana juani, unanata ulimini kama udongo mkavu. Wa buchari haunati. Ulimi wake haukuwahi kukosea.

Siku ninayoitaka kuiandika ilikuwa ya Ramadhani. Haji alipoteza kisu chake njia ya Garissa, akaja kuagiza kingine, akakaa kwenye kiti kusubiri achaguliwe vibao viwili vya mpini. Fundi alikuwa ameosha mifupa yote asubuhi, ya mkebe na ya gunia, tayari ameikata vibao, akaianika juu ya benchi, mafungu mawili, huku na huku. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti.

"Fundi, leo huonji?" Haji akamtania. "Siku zote nakuona unalamba mifupa kama fisi."

"Mwezi huu nafunga na wewe."

"Wewe mzee wa kanisa unafunga nini?"

"Nafunga mdomo. Ndio unaonishinda siku zingine."

Walicheka mpaka Haji akashika tumbo lake tupu. Ilikuwa adabu ya fundi. Hakutaka kuweka kitu chochote mdomoni mbele ya mtu aliyefunga, hata mfupa mkavu. Akanyoosha mkono kwenye benchi, akachukua vibao viwili.

Akachukua kwenye fungu la gunia.

Niliona. Vilikuwa na mistari myembamba myembamba, kama tope la bwawa lililokauka. Vile vya buchari havina. Alivileta karibu na uso, karibu sana, kwa jicho la kushoto halafu la kulia, na ndipo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nimekiona likizo nzima bila kukielewa: kwa nini alimwaga chai nje ya kikombe, kwa nini alikuwa akiitafuta tupa kwa kupapasa huku iko mbele yake. Fundi alikuwa haoni sawasawa.

Haji akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Ni wa kuchinjwa?"

Fundi alikaa kidogo, kichwa amekiinamisha kuelekea mlangoni kwangu. Halafu akasema, "Wa kuchinjwa."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. "Umau." Hilo tu lingetosha, angegeuka, angejua. Lakini kulisema ilikuwa ni kumwambia mbele ya mteja wake mkubwa kwamba amekuwa kipofu. Halafu nikajiambia labda nimekosea mimi, mimi nani na mifupa. Halafu nikajiambia nitamwambia umau, Haji akishaondoka. Haji akaondoka. Nikajiambia kesho. Kesho yake alikuwa ameshaanza kuchonga, anaimba wimbo wa kwaya, amefurahi. Kisu kilitoka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, mfupa ameutia rangi kwa chai ya rangi ukawa kama asali. Shule ikafunguliwa. Nikaenda bwenini na lile neno langu kooni.

Kilichofuata nilisimuliwa na mama, likizo nyingine.

Miezi ilikuwa imepita. Mchunga mbuzi mmoja alikuja kutaka mpini wa mfupa wa kuokota, fundi akafungua gunia na kuhesabu vibao, maana idadi ya kila fungu aliiweka kichwani. Vilipungua viwili. Akamwaga mkebe, akalamba kimoja kimoja. Vya mkebe vilizidi viwili. Mama alimwona kupitia dirisha la jikoni, amekaa chini katikati ya mifupa, ulimi nje kama mtoto mgonjwa.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Alivaa koti lake la kanisani akaenda soko la mifugo kwa miguu, akamwambia Haji mbele ya watu.

Haji hakumfokea. Nafikiri angemfokea ingekuwa afadhali. Alitoa kisu mfukoni, akakiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee wangu, Mungu anajua hukukusudia," akasema. "Lakini nimeswali nacho mfukoni. Kila siku. Nimekatia watoto wangu nyama siku ya Idi."

Kijana wake mmoja naye akatoa chake. "Na hiki changu? Unaweza kuapa juu ya hiki?"

Hapo ndipo fundi alipojimaliza. Angesema ndiyo, na karibu hakika ingekuwa kweli, maana vingine vyote alivionja. Lakini aliulizwa kuapa, na hakujua tena macho yake yalianza kumdanganya lini, wala kama kuna siku nyingine ambayo ulimi ulisahau. Alisema, "Siwezi."

Kwa juma zima waliendelea kuvirudisha visu vyao. Kwa heshima, wengine na sukari na majani ya chai, kama watu wanaokuja matangani. Vilijaa benchi. Haji mwenyewe alikuja mwisho akamwomba amtolee ule mfupa, amwekee mkwaju tu, mambo yaishe. Kwa kweli alitaka yaishe. Fundi akajaribu. Alitoboa matundu ya misumari kwa kupapasa, yakapotoka, na kisu kilipokamilika kikakataa kukunjika. Alikipeleka kikiwa wazi hivyo hivyo, amekifunga kwenye gazeti asimkate mtu njiani. Haji alikipokea akasema, "Ahsante, mzee wangu, kizuri." Nani hajui maana ya kizuri cha namna hiyo.

Alipimwa macho. Ni presha ya macho, wakamwambia, na kilichoshaondoka hakirudi. Binti yake akaja na pikapu akamchukua na godoro lake. Mimi nilirudi nikakuta mlango umetiwa kufuli na gunia langu la kukalia limeachwa nje, limenyeshewa.

Miaka miwili nilibeba hili. Nilipata alama nzuri, watu wakanisifu kwa utulivu wangu. "Mtoto mtulivu huyu."

Likizo ya Agosti iliyopita nilienda kwa shangazi Mtito Andei, nikajilazimisha kuitafuta ile hoteli. Iko nyuma ya kituo cha mafuta, madereva wa malori wanakula hapo. Binti yake ni mama mkubwa wa mwili, mcheshi. Nilipomwambia natoka Mwingi, jirani, alinikumbatia na sufuria mkononi.

"Yuko huko nyuma, ana kazi yake," akasema. Halafu akashusha sauti. "Anachambua ndengu. Kila siku namwekea ungo mmoja. Akimaliza mimi huzichambua tena huku jikoni, maana mawe yote anayaacha. Usimwambie, mwiitu, binti yangu. Ni hiyo tu inamwamsha asubuhi."

Nilimkuta amekaa kwenye kreti la soda, ungo magotini. Amekonda. Mikono ilikuwa ile ile, inatembea kwenye ndengu kama inayotafuta kitu ilichokijua. Nilisimama mbele yake nikashindwa hata kusalimu.

"Nani?" akauliza. Malori yalipita. "Nani hapo?" Halafu akatabasamu kidogo. "Kama ni mtu na hasemi, basi ni wewe."

Nikakaa chini. Nililia kwanza, nikasema baadaye, na nilisema vibaya, nimerukaruka, mifupa, mistari, fungu la gunia, nilikuwa mlangoni, niliona, sikusema.

Mikono yake ilisimama.

"Nilijua uko hapo," akasema. "Ulimi nilikuwa nimeufunga kwa ajili ya Haji. Macho sikuwa nayo, na sikutaka mtu ajue. Nikasema, mtoto yuko mlangoni, mtoto ana macho, nikikosea atashtuka, nitamsikia hata akivuta pumzi. Nikangoja. Ukanyamaza." Akachukua ndengu kiganjani, akaziacha zidondoke. "Nikajua basi ni sawa. Ndipo nikamjibu Haji."

"Nisamehe, umau."

"Mimi ndiye niliyekuzoesha kunyamaza," akasema. Sikujua kama huo ni msamaha, na mpaka leo ninavyoandika sijui. Hakukuwa na hasira ndani yake. Hakukuwa na kitu chochote ndani yake.

Akainua ungo kidogo, akaugeuzia upande wangu.

"Hebu niangalizie. Nimemaliza hizi. Ziko safi?"

Dirishani jikoni binti yake alikuwa anafuta sahani, akinitazama, ameuma mdomo wa chini. Akatingisha kichwa polepole. Usiseme.

Nikaangalia ungo. Yeye akangoja, kichwa amekiinamisha upande wangu, vile vile.

"Kuna mawe, umau."

"Mangapi?"

Nilihesabu mpaka tisa nikaacha.

"Mengi."

Akatoa mikono kwenye ndengu. Akaifuta kwenye suruali, mmoja, kisha wa pili, taratibu, kama mtu aliyemaliza zamu. Akausukuma ungo kwangu kwa goti.

"Basi chambua wewe," akasema, akaiweka mikono mapajani.

Nilichambua mpaka zikaisha. Mikono yake haikuondoka pale mapajani.